Kabla ya Kengele

Nyumbani kwetu,
Chumba cha mbele, kwenye cherehani,
Jumapili mchana, shule zikikaribia likizo.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naanza kwa kuomba radhi, maana nimekukalia kimya muda mrefu kupita adabu. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama mlangoni, mara ya pili nikinyonyesha, na tangu hapo imekuwa ikihamahama nami: juu ya kabati, chini ya vitambaa vya sare, mfukoni mwa aproni. Kila kukicha nilisema leo najibu. La kusema sikukosa. Nilikuwa nalo tele, ila kila nikitaka kulishika nikuandikie, lilikuwa bado halijatulia. Hata sasa halijatulia, lakini nimeona nikingoja litulie nitakufanya udhani tumekutupa.

Hali yako je? Goti linaendeleaje na hiyo baridi ya huko? Binamu na mkewe hawajambo? Ulisema wanakuwekea maji ya moto kwenye chupa ulalie. Waambie wasiache, na wewe usione haya kuitaka chupa hata mchana. Tuliiona picha uliyotuma. Umepungua kidogo usoni lakini macho ni yale yale, ya kumtuma mtu dukani bila kufungua mdomo.

Sisi huku wazima. Mtoto mdogo anaota meno na anataka sote tujue. Binti mkubwa yuko darasa la pili, anasoma kila kilichoandikwa, mpaka mabati ya watu. Baba watoto yuko safarini na lori, akirudi analala siku nzima kisha anaondoka tena. Mimi nashona. Mgongo unauma lakini hiyo si habari.

Sasa kuhusu Baba. Uliniuliza kama mdogo wako anapumzika. Hapumziki, Shangazi. Kustaafu amestaafu, wakampa hotuba ndefu, saa ya ukutani na kiti kikubwa cha kuegemea. Kiti nimekifanya mahali pa kuwekea vitambaa maana yeye hakikalii. Anaamka kabla yetu sote, ananyoa ndevu, anafunga tai, halafu anasimama katikati ya sebule kama mtu aliyesahau gari ameliegesha wapi. Gari la ofisi walilichukua siku ile ile ya hotuba.

Kwa kuwa hana shule ya kukagua, anatukagua sisi. Anafunua masufuria. Anapita kwenye sare nilizomaliza, anavuta kola moja moja kuona kama zimekaa. Siku moja binti mkubwa alirudi na daftari lililokwisha kusahihishwa na mwalimu wake. Baba akalipitia kwa kalamu nyekundu, akamsahihisha mwalimu, akaandika chini "Nimeona," akatia sahihi na tarehe. Mwalimu akaniita nikajieleze, nikaenda nikajieleza. Kumbe na kadi ya kliniki ya mtoto mdogo ameiandika "Nimeona." Muuguzi akaniuliza huyu daktari ni wa hospitali gani, mwandiko wake mzuri hivi.

Nacheka nikikuandikia, lakini kukaa naye nyumba moja si kazi ndogo.

Wewe uliondoka yeye akiwa bado mwalimu wa darasa la kwanza, mikono imejaa chaki, kwa hiyo kazi yake nyingine yote umeisikia kwenye simu tu. Ngoja nikuelezee kidogo, maana bila hilo hutaelewa yaliyotupata. Alipanda ngazi moja moja. Alikuwa mwalimu mkuu, akawa mkaguzi, mwisho afisa elimu wa wilaya, shule zote za serikali ziko mikononi mwake. Na alikuwa na namna yake ya kukagua ambayo haikuwa ya mtu mwingine. Hatoi taarifa. Gari analiacha mbali, anakuja kwa miguu, anaingilia nyuma, na kila mara anafika kengele ikiwa imeshalia na masomo yameanza. Anakwenda vyooni kwanza. Kisha bombani. Halafu anaingia darasani kimya kimya, anajibana kwenye dawati la mwisho kabisa pamoja na watoto, magoti yamemfika kidevuni, na anasikiliza. Walimu walimwita Bwana Dawati la Nyuma. Alikuwa akisema kabla ya kengele shule inajipamba, kengele ikishalia ndipo inakuwa yenyewe.

Kwa namna hiyo alifanya mengi, na sitayapunguza kwa sababu tu ananisumbua jikoni. Walimu waliokuwepo kwenye karatasi tu, darasani hawaonekani, aliwaondoa. Vyoo vya wasichana vilijengwa kabla ofisi yake haijapakwa rangi. Kuna mwalimu mkuu alimpelekea kuku nyumbani akitaka kuhamishwa mjini. Baba akawapakia kuku kwenye gari la ofisi akawarudisha mwenyewe, wakawika njia nzima, na akakagua shule ile siku hiyo hiyo kuku wakiwa wamefungwa mlangoni.

Na mimi pia unajua. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalipungua kidogo tu kuingia chuo cha ualimu. Mkuu wa chuo alikuwa rafiki yake. Neno moja lilitosha. Akakataa kulisema, akaniambia nafasi hiyo ina mtoto wa mtu mwingine ndani yake. Nililia wiki nzima, kisha nikaenda kujifunza cherehani. Sikuandikii hilo kwa kinyongo, kinyongo kimeshakwisha au kimechoka. Nataka ukumbuke ni mtu wa aina gani, ili yanayofuata usidhani nimemwonea.

Ngoja, mtoto ameamka.

Nimerudi. Nilikuwa wapi? Mwaka wake wa mwisho kazini, Baba aliifunga ile shule ndogo iliyo nyuma ya mtaa wetu. Watoto walikuwa wachache, walimu wachache zaidi, bati limeoza. Kanuni inaruhusu shule kama hiyo kuunganishwa na nyingine iliyo karibu, na kwenye ramani iko karibu kweli: ile shule kubwa ng'ambo ya barabara kuu, aliyoitafutia yeye mwenyewe maktaba na maji. Alijivunia kazi hiyo. Kwenye hotuba ya kumuaga waliitaja kabla ya jina la marehemu mama. Majengo ya zamani wakampangisha mfanyabiashara wa saruji, mifuko ikapangwa hadi usawa wa dirisha, mahali palipokuwa na ubao.

Basi muhula uliopita mtoto wa fundi baiskeli alipigwa na lori akivuka kwenda shule. Mungu ni mwema, ni mguu tu, lakini mguu wa mtoto wa miaka saba katika plasta si kitu cha kutazama. Wazazi wakakutana. Wakakutana hapa kwangu, kwa sababu chumba cha mbele ni kikubwa na watu wamezoea kuja kupima sare. Wakakubaliana waombe bodi ya elimu irudishe madarasa ya chini kwenye majengo ya zamani, wadogo wasivuke ile barabara. Na wakanichagua mimi niseme. Wengine walinichagua kwa kuwa mimi ni bintiye, wengine wakanung'unika kwa sababu hiyo hiyo, kwamba nitakuwa jasusi wake. Fundi baiskeli ndiye aliyewanyamazisha. Akasema hata kama ni jasusi, ana mtoto pale barabarani.

Baba aliyasikia yote akiwa chumbani, ukuta wenyewe wa mbao. Walipoondoka akatoka, akanieleza polepole kama anavyowaeleza walimu wapya: umbali uko ndani ya kanuni, barabara ni ya idara nyingine, na shule kubwa ina maktaba. Nikamwambia sizungumzii maktaba. Akasema mimi naongozwa na hofu. Nikasema ndiyo. Tulikula bila kusemezana, na siku kadhaa zikapita hivyo, nyumba moja pande mbili, binti mkubwa akipeleka salamu kutoka meza hadi jikoni.

Haikuchukua muda ofisini wakamwita. Anayekalia kiti chake sasa ni yule aliyekuwa msaidizi wake, Baba mpaka leo humwita Kijana Wangu ingawa ana kipara. Akamwomba aje kwenye mkutano wa bodi, Jumanne, aeleze kwa nini kufunga kulikuwa sawa. Alifurahi, Shangazi. Sitakuficha. Ile tai ilikuwa imepata pa kwenda. Alinisikitisha na alinikasirisha kwa pamoja, nikabaki nashona mikono ya shati nje ndani.

Watoto wa mtaa huwa wanavushwa na jirani yetu muuza mboga, maana naye anavuka kwenda sokoni. Ijumaa iliyotangulia mkutano akateguka kifundo cha mguu. Mimi nilikuwa na mtoto mwenye homa mgongoni na sare za watu hazijaisha. Baba akasema atampeleka yeye binti mkubwa. Hajawahi, hata mara moja. Niliwatazama wakitoka, yeye kabeba mkoba wa mtoto kwapani kama jalada.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwa wote wawili, kwake kidogo na kwa mtoto yote. Watoto hujikusanya kwenye ukuta wa ghala lililo kando ya barabara kuu, asubuhi bado kuna ukungu, malori yanapanda kilima na mzigo. Baba watoto aliwahi kuniambia pale dereva hapunguzi, akipunguza lori linashindwa kupanda. Baba hakulijua hilo. Alisonga mbele akanyanyua mkono, kama anavyonyamazisha darasa. Lori halikunyamaza. Ndipo mtoto akamvuta koti.

"Babu, hapa hatutembei. Hapa tunakimbia."

Wakakimbia. Binti anasema Babu anakimbia vibaya. Katikati ya barabara kiatu chake kimoja kikachomoka, akataka kugeuka akiokote, na watoto wote wakampigia kelele aache. Hiyo ndiyo sheria yao pale. Kitu kikianguka hakiokotwi, iwe kalamu, iwe chakula, iwe kiatu, mpaka magari yapungue. Wamejiwekea wenyewe, mkubwa wao hafiki miaka kumi na miwili. Akafika ng'ambo na soksi moja, mbele yake shule aliyoijenga, maktaba yake, bomba lake, na kengele bado haijalia. Mwalimu wa zamu akamtambua, akaja mbio kumwamkia. Baba akamuuliza kama huwa hivi. Mwalimu akasema, "Kila siku, Mzee. Sisi tukajua unajua."

Alirudi ameshika kiatu mkononi. Kilikuwa bapa kama bahasha.

Siku ile hakukagua kitu. Alikaa kwenye kile kiti kikubwa, juu ya vitambaa vyangu, hata sikumwambia anavikunja. Jioni akasimama juu ya stuli akateremsha sanduku lake kutoka kabatini, akaniambia niitafute barua yako. Akasema Shangazi yako ameniita nikapumzike kwake, mwandikie atume tiketi, kifua hiki kinataka hewa nyingine. Nami nilijua kifua chake hakina neno. Jumanne ndiyo ilikuwa inamkaba. Hakuwa anakuja kwako, Shangazi. Alikuwa anaukimbia ule ukumbi. Nilimtazama akikunja mashati na nikaona kwamba huyu mtu aliyewasimamisha walimu wa wilaya nzima anaogopa kusimama.

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Sikuinua kichwa, maana ningeinua ningelegea.

"Utaenda, Baba. Lakini si kabla ya Jumanne."

"Unanipa amri?"

"Nakupa taarifa."

Akaninyamazia kama anavyowanyamazia walimu, ule ukimya unaomfanya mtu aseme asiyoulizwa. Nikaendelea na uzi. Haukuingia. Sanduku likabaki wazi katikati ya chumba chake, tukawa tunaliruka. Binti mkubwa akamlaza mwanasesere wake ndani, na Baba hakumtoa.

Jumanne ikafika. Ukumbi wa ofisi, viti vya plastiki, feni inayozunguka bila kupuliza. Maneno yangu nilikuwa nimeyaandika vizuri lakini mtoto alikojolea karatasi njiani, kwa hiyo nikasema ya kichwani, na yakawa mafupi. Nikawaeleza kuhusu ukuta wa ghala, ukungu, na sheria ya kutookota. Mjumbe mmoja akauliza kama mimi ni mtaalamu wa barabara. Nikamjibu mimi ni fundi cherehani, nimeshona upya suruali ya mtoto wa fundi baiskeli baada ya kupigwa na lori, nikamwambia na mguu wa upande gani. Nikakaa. Jasho lilikuwa limefika kiunoni.

Kijana Wangu akasema sasa Mzee wetu atatupa sababu za kitaalamu. Baba akainuka. Alirekebisha tai, akairekebisha tena, hata watu wakaanza kukohoa. Nilidhani ameshindwa, nikataka kuinuka nimshike mkono.

"Shule ile niliifunga mimi," akasema. "Vyoo vyake navijua, bomba lake nalijua, dawati lake la nyuma nimelikalia. Kazi yangu yote sikuwahi kufika shuleni kabla ya kengele. Hiyo barabara sikuiona. Nimeiona Ijumaa."

Kijana Wangu akatabasamu kwa taabu, akasema kwa heshima zote, Mzee, takwimu za umbali bado ni zile zile. Baba akamjibu kwamba takwimu ni zake, alizikusanya yeye, na hazina lori hata moja ndani. Akawaomba bodi wasiamue siku hiyo. Waje Alhamisi, kabla ya kengele, waone kwa macho. Wakakubali, nadhani kwa kutaka kwenda kula.

Alhamisi walikuja wajumbe wachache, wengine walituma udhuru. Kijana Wangu alifika kengele imeshalia. Gari kaliacha mbali, kaja kwa miguu akipitia nyuma ya ghala, kimya kimya. Barabara nyeupe, mtoto hata wa dawa hakuna. Akatazama huku na huku akasema mbona anaona amani tu. Basi Baba akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu astaafu. Akanigeukia akasema, "Huyu nimemfundisha vizuri mno." Akamwambia kesho usijisumbue kuja, nitakufuata.

Akamfuata kweli. Alfajiri ya Ijumaa aligonga mlango wa afisa elimu, amevaa tai, na mke wa mtu akafungua huku ameshika kichwa akidhani wameletewa habari ya msiba. Kijana Wangu akatoka vifungo vya shati vimepishana. Baba akampa mtoto wa kumshika mkono, akampa binti yetu, na binti akamsomea sheria kama anavyosomewa mgeni. Wakavuka. Jalada lake likaanguka katikati ya barabara, ramani, umbali na kila kitu, na watoto kwa sauti moja wakamwambia aliache. Akaliacha, Shangazi. Lori likapita juu.

Upande wa pili alikaa chini kwenye ukingo wa mtaro akapumua. Kengele ikalia. Halafu akasema madarasa matatu ya chini yatarudi baada ya likizo, saruji ikishatolewa na bati likibadilishwa.

Ningependa kukomea hapo nikwambie tumeshinda, lakini nakuandikia wewe na wewe hudanganywi. Kijana Wangu hajaandika popote. Baba anasema mpaka nione barua yenye muhuri, ni maneno ya mtu aliyetishwa na lori tu. Mwenye saruji anasema mkataba wake una muda bado, na juzi aliongeza mifuko badala ya kupunguza. Mwalimu mmoja anakosekana. Baba amesema darasa la kwanza atalifundisha yeye mpaka apatikane mwingine. Nimemwambia tutaona, kwa sababu darasa la kwanza si la mtu wa umri wake, lakini nimemwona anachonga penseli.

Na mpaka hapo watoto bado wanavuka. Kila asubuhi Baba anatoka na kipande changu cha kitambaa chekundu amekifunga kwenye fimbo, anasimama ukingoni, anayazuia malori. Baba watoto amewapigia simu madereva wenzake, baadhi wameelewa, wanaanza kupunguza tangu chini ya kilima. Wengine hawapunguzi. Mimi niko hapa kwenye cherehani na barabara naisikia. Honi ikilia ndefu, mguu unaganda juu ya pedali. Nasikiliza. Kukiwa kimya naendelea kushona, ikilia tena nasimama. Kazi ya asubuhi inanichukua mpaka mchana. Nimeshona mifuko ya kaptula mbele badala ya nyuma, na nimezirudia. Sijui nikuambie nini kingine, Shangazi. Niliyemzuia asisafiri ndiye huyo yuko ukingoni.

Kwa hiyo hili ndilo nililoketi kukuandikia, mengine yote yalikuwa njia ya kulifikia. Tiketi usitume. Najua umeshaulizia, binamu aliniambia kwenye simu. Najua pia wewe ndiye uliyembeba mgongoni huyu, ukampeleka shule siku ya kwanza akilia, na una haki ya kumtaka karibu nawe kabla hamjazeeka zaidi. Sikunyimi. Atakuja. Lakini akiondoka leo, Kijana Wangu atapumua, saruji itabaki ilipo, na sisi wengine tutakuwa akina mama wanaopiga kelele tu. Wanamwogopa yeye, si sisi. Sanduku bado halijarudi juu ya kabati, na kila jua likizama ananiuliza kama umejibu. Nakuomba kwa magoti, na vilevile nakuambia: mpaka darasa la kwanza lifunguliwe, Baba haendi popote.

Usinione nimekuwa mkali. Umri wangu wewe ulikuwa mkali zaidi, Baba ametusimulia.

Msalimie sana binamu na mkewe, na yule mjukuu wako mrefu ambaye hatujamwona ila miguu yake kwenye picha. Baba watoto anakuamkia kutoka alipo. Muuza mboga jirani yangu, ambaye humjui lakini yeye anakujua kwa hadithi, anakuombea goti lako. Binti mkubwa anasema shikamoo Bibi, na anauliza kama huko barabara zina madereva wazuri. Mdogo nimemchovya kidole kwenye wino, hiyo alama ya chini pembeni ni yake.

Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri na asubuhi isiyo na maumivu, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Ni mimi binti yako kwa mdogo wako, nikupendaye hata ninapokukatalia.

Nimeshatia jina na vitu sijaandika. Ulisema nikuambie tunachohitaji nisione haya, basi sioni. Nguo za mtoto zilizokuja mara ya mwisho zinatosha, hizo usiongeze. Ninachohitaji bado ni hiki:

Vizibao vya rangi ya kung'aa, kama wanavyovaa mafundi wa barabara, vya watoto. Vya huku ni vya watu wazima tu, nimejaribu kuvipunguza vinapoteza ule mng'ao. Kimoja kiwe cha mtu mzima, mrefu, kifua chembamba.

Filimbi yenye sauti kali, isiyo ya kuchezea.

Viatu vya Baba, soli isiyoteleza, vipana mbele, vya kufunga kwa kamba na kamba ziwe ndefu. Akikuandikia kwa siri kuomba vyeusi vya ofisini, usimsikilize.

Miwani yake ya kuonea mbali. Ya kusomea anayo, na ndiyo aliyokuwa akitumia miaka yote.

Na barua yako kwake mwenyewe, kwa mwandiko wako. Hiyo itangulie, hata kabla ya vizibao. Iwe fupi. Usimpe pole wala usimwambie umemkumbuka, akiona huruma atafunga sanduku. Mwandikie tu kwamba chumba chake umempa mgeni, na mgeni huyo hajakuambia anaondoka lini.